Mzazi Akiingia Nyumba ya Wazee, Sauti Yake Isibaki Mlangoni

Mwezi huu tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo familia nyingi hapa kambini zinalo moyoni lakini hazilisemi kwa sauti. Ni habari ya wazee wetu waliohamia Marekani, na ambao leo wanaishi katika nyumba za kutunzia wazee.

Habari yenyewe tunajua inavyofika. Simu inalia, kijana aliye Ohio au Texas anasema: "Mama alipatwa na kiharusi. Alikaa hospitali wiki tatu, sasa wamemupeleka home ya wazee." Hapo nyumbani mmoja analia, mwingine anakasirika, wa tatu anasema wametupa mama. Baadaye simu zinapungua. Ukiuliza mama anasema nini, unajibiwa, "Anaendelea vizuri." Lakini mama mwenyewe humsikii.

Tangu miaka ya 2012 na 2013 hivi, makumi ya maelfu ya Wakongomani walitoka kambi za Burundi, Rwanda, Tanzania na Uganda wakaenda kuishi Marekani. Waliondoka na wazee wao. Mwezi wa kwanza wa mwaka 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na familia nyingi zilizokuwa katikati ya safari zilibaki huku, wengine wakiwa tayari wameuza vyombo vyao. Basi kwa wengi wetu njia iliyobaki ya kumfikia mzazi ni simu na barua. Ndiyo maana tumeona ni vizuri tujue mzee aliye ndani ya nyumba hiyo ana haki gani ya kusema, kusikilizwa na kuamua mambo yake.

NYUMBA HIZI NI NINI?

Kule Marekani kuna nyumba za namna hii karibu 15,000, na ndani yake wanaishi watu wapatao milioni 1 na laki 2. Si hospitali kabisa, na si nyumba ya kawaida. Kuna wauguzi usiku na mchana, kuna chakula, kuna dawa, kuna watu wa kuosha na kuvalisha asiyejiweza. Wengine wanakaa wiki chache tu mpaka wapate nguvu ya kutembea, wengine wanabaki mpaka mwisho wa maisha yao.

Tuseme ukweli, kwetu sisi mzee hutunzwa na watoto na wajukuu. Anayempeleka mzazi kwa watu wa kando anaonekana hana moyo. Lakini tufikiri pia upande wa kijana aliye kule. Yeye anafanya kazi usiku, mke wake anafanya kazi mchana, watoto wako shuleni, na jirani hajui hata jina lao. Mtu aliyepooza anatakiwa kugeuzwa kitandani kila baada ya saa chache, la sivyo anapata vidonda vya mgongo. Nani atamgeuza? Tena vijana wetu wengi kule wanafanya kazi hiyo hiyo ya kuosha na kulisha wazee wa watu wengine. Wanajua uzito wake.

Kwa hiyo hatuandiki ili kumhukumu mtu. Kupelekwa nyumba ya wazee si lazima kuwe kutupwa. Kutupwa kunaanza pale mzee anaponyamazishwa: anapoongewa juu ya kichwa chake, anapotiliwa sahihi bila kuulizwa, anapokosa mtu wa kuzungumza naye kwa lugha yake mwezi mzima.

SHERIA ILITOKA WAPI

Msifikiri Wamarekani walizaliwa na haki hizi. Katika miaka ya 1970 na 1980 kulikuwa na malalamiko mengi juu ya nyumba za wazee. Wazee walifungwa kwenye viti na vitanda ili wasisumbue, wengine walipewa dawa za kuwalaza, wengine waliachwa wachafu. Raia walijikusanya wakaanza kudai mabadiliko. Mwaka 1985 kikundi kimoja cha raia hao kilifanya jambo ambalo ni kama halikuwa limefikiriwa: kilikwenda kuwauliza wazee wenyewe. Zaidi ya wakaaji 400 katika miji 15 waliulizwa ni nini kinafanya nyumba ya wazee kuwa nzuri. Wengi hawakuanza na majengo wala vitanda. Walianza na watu: wahudumu wenye roho nzuri, wanaomheshimu mtu.

Mwaka 1986 wataalamu walitoa ripoti kubwa juu ya nyumba hizo, na mwezi wa 12 mwaka 1987 Rais Ronald Reagan alitia sahihi sheria ya kuzirekebisha. Sheria hiyo inahusu kila nyumba ya wazee inayopokea pesa za mipango ya afya ya serikali, yaani Medicare na Medicaid, nazo ni karibu nyumba zote. Mwaka 2016 kanuni zake ziliandikwa upya na kuongezwa. Msingi wake ni huu: mtu akiingia nyumba ya wazee haachi haki zake nje. Anabaki mtu mzima mwenye neno lake.

Angalizo moja. Kuna nyumba nyingine ndogo za wazee ambazo hazina uuguzi wa namna hiyo. Hizo zinafuata sheria za kila jimbo. Kwa hiyo swali la kwanza kumuuliza ndugu yako aliye kule ni hili: mzee yuko katika nyumba ya aina gani?

KUELEZWA KWA LUGHA ANAYOIELEWA

Sheria inasema mkaaji aelezwe hali ya afya yake kwa lugha anayoielewa. Zaidi ya hapo, sheria ya Marekani ya mwaka 1964 inakataza mashirika yanayopata pesa za serikali kuu kumbagua mtu kwa sababu ya asili yake, na sheria ya afya ya mwaka 2010 ikatia nguvu jambo hilo. Maana yake kwa mzee wetu ni kwamba ana haki ya mkalimani, na mkalimani huyo halipwi na mzee wala na familia. Anaweza kuwa mtu aliyekuja, anaweza kuwa sauti kwenye simu. Mtoto mdogo hatakiwi kutumiwa kama mkalimani, isipokuwa kuna hatari ya ghafla. Ni vizuri hivyo. Mjukuu wa miaka 11 amwambieje bibi yake kwamba mguu wake utakatwa?

Hapa kuna mambo mawili ambayo sisi tunayajua kuliko daktari.

La kwanza ni lugha yenyewe. Kwenye faili wanaandika "Kiswahili" na kufunga. Lakini kuna mama ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni tu, na lugha ya moyo wake ni Kibembe, Kifuliiru, Mashi, Kirega au Kinyamulenge. Mtu akizeeka na akili ikianza kuchoka, mara nyingi lugha alizojifunza ukubwani ndizo zinaanza kupotea, inabaki ile ya utotoni. Tena hata Kiswahili chenyewe si kimoja. Mkalimani wa pwani akisema "shinikizo la damu", mzee wa Uvira aliyezoea kusema "tansio" anaweza kubaki anamwangalia tu. Kwa hiyo familia itaje lugha halisi, na iombe iandikwe kwenye faili.

La pili ni ile "ndiyo" yetu ya heshima. Wazee wetu walifundishwa kutobishana na mtu wa hospitali. Daktari akiuliza, "Umeelewa? Umekubali?" mzee anasema ndiyo, hata kama hajaelewa kitu. Kwake hiyo ndiyo ina maana ya "nimekusikia, mwanangu". Kwa daktari ina maana ya "nimekubali mnipasue". Hatari kubwa iko hapo! Dawa yake ni rahisi. Mzee aombwe aeleze mwenyewe kwa maneno yake kile alichoambiwa. Akishindwa kueleza, ujue bado hajakubali.

SIMU, BARUA NA WAGENI

Mkaaji wa nyumba ya wazee ana haki ya kutumia simu, na ya kupata mahali pa kuongea bila watu wengine kusikiliza. Anaweza kuwa na simu yake ya mkononi na kuitumia, ila gharama ni yake. Barua zake lazima zimfikie bila kufunguliwa. Nayo nyumba inatakiwa kumrahisishia kupata intaneti pale inapopatikana.

Anaweza kupokea wageni anaowataka, kwa saa anayotaka, mradi haki za wakaaji wengine ziheshimiwe. Mchungaji wake, padri wake, shehe wake, jirani wa zamani wa kambini, wote wanaingia. Na yeye pia anaweza kumkataa mgeni. Kumbukeni hilo: mgeni ni wa mzee, si wa mtoto aliyemleta. Kama mzee na mke wake wote wako katika nyumba moja na wote wawili wanataka, wana haki ya kulala chumba kimoja.

Thamani ya wageni ilionekana wakati wa korona. Tarehe 13 Machi 2020 serikali ya Marekani iliagiza nyumba hizo zizuie wageni, isipokuwa katika hali chache kama vile mtu akikaribia kufa. Ilikuwa kwa kuwalinda, kwa sababu ugonjwa ule uliua wakaaji wa nyumba za wazee zaidi ya 150,000. Lakini wazee wengi walikaa miezi bila kushikwa mkono na mtu wao. Watoto walisimama nje ya dirisha wakipunga mkono. Wengine walidhoofika bila hata kupata korona. Tarehe 12 Novemba 2021 ziara zikaruhusiwa tena kwa wakaaji wote. Watu wengi kule wanasema somo walilopata ni kwamba mtu haishi kwa dawa na chakula pekee. Sisi wa kambini somo hilo tulilijua zamani.

NANI ANAAMUA?

Jibu la sheria ni fupi: mzee mwenyewe. Na haki hii haiko tu kwenye mambo makubwa kama kupasuliwa. Iko hata kwenye mambo madogo ya kila siku, na tuseme, hayo madogo ndiyo yanamfanya mtu ajione bado ni mtu. Aamke saa ngapi. Aoge asubuhi au jioni. Avae kitenge chake au nguo za pale. Ale nini. Aende kwenye ibada au asiende. Baba mzima wa kwetu anaweza kukataa kuoshwa na msichana wa umri wa mjukuu wake, akaonekana mkorofi, kumbe ni aibu tu. Kama hakuna aliyewaeleza wahudumu, watajuaje? Nyumba inatakiwa kuzingatia matakwa ya mkaaji kadiri inavyowezekana. Lakini matakwa yasiyosemwa hayafuatwi.

Kuhusu matibabu, mzee ana haki ya kujua dawa anazopewa na sababu yake, kumchagua daktari wake, na kukataa matibabu. Hawezi kufungwa kwa kamba wala kulewesha kwa dawa za akili kwa ajili tu ya kuwarahisishia wahudumu kazi. Ukisikia kwamba mama aliyekuwa anaongea sasa analala mchana kutwa, uliza: kuna dawa mpya? Ya nini? Nani alikubali?

Jambo ambalo familia nyingi hazijui ni mkutano wa mpango wa matunzo. Ndani ya saa 48 tangu mzee aingie, nyumba inatakiwa iwe na mpango wa kwanza wa kumtunza. Halafu anapimwa kwa kina, na mpango kamili unaandikwa. Baadaye hali yake inaangaliwa tena angalau kila miezi 3. Mzee ana haki ya kuwa ndani ya mazungumzo hayo na kusema anachotaka, na ana haki ya kuwaita watu anaowataka. Akitaka mtoto wake aliye kambini Burundi asikilize kwa simu, anaweza kuomba. Hapo ndipo mahali pa kusema: mama hali nguruwe, baba haamki kabla ya sala, mzee huyu alikimbia vita, mlango ukigongwa kwa nguvu usiku anashtuka.

IKIWA AKILI IMEANZA KUPOTEA

Tunaulizwa swali hili mara nyingi: "Baba amekuwa kama mtoto, anasahau hata majina yetu. Si basi sisi ndio tunaamua?"

Polepole. Kusahau si sawa na kukosa akili yote. Kuna mzee asiyejua leo ni siku gani, lakini anajua vizuri kwamba hataki bomba la kumlisha tumboni. Kuna anayechanganyikiwa jioni lakini asubuhi akili ni safi. Karatasi ya daktari inayosema ana ugonjwa wa kusahau haimwondolei haki zake. Anayeweza kumwondolea mtu uwezo wa kisheria wa kuamua ni korti, na hata hapo msimamizi aliyewekwa na korti anashika yale tu korti iliyompa. Tena msimamizi au msemaji yeyote anatakiwa kuangalia mzee mwenyewe angetaka nini, si yeye anataka nini.

Kilicho bora ni kujiandaa mapema. Mzee akiwa bado na akili timamu anaweza kuandika karatasi ya kumchagua msemaji wake wa mambo ya afya, yule atakayesema kwa niaba yake siku atakaposhindwa kusema. Anaweza pia kuandika matibabu anayoyataka na asiyoyataka. Sheria ya mwaka 1990 inazitaka hospitali na nyumba za wazee kumweleza kila anayeingia kwamba ana haki hiyo. Halazimishwi kuandika, na akiandika anaweza kubadilisha wakati bado ana akili ya kuamua. Msemaji si lazima awe mtoto wa kwanza, wala mwanaume. Awe yule anayemjua mzee vizuri na asiyeogopa kuuliza.

Hapo familia zetu nyingi zinagombana. Mkubwa anasema ni zamu yake, wa kambini wanasema wamesahauliwa, mkwe anaambiwa si damu. Ndugu, gombaneni kidogo, halafu mwulizeni mzee.

KARATASI: SOMA KABLA YA SAHIHI

Mwaka jana baba mmoja alikuja darasani kwetu na karatasi ambayo binti yake alimtumia kwa WhatsApp. Nyumba fulani ilikuwa inamtaka binti atie sahihi siku ya kumwingiza bibi. Tuliisoma pamoja mstari kwa mstari. Ndani kulikuwa na mahali ambapo binti angeahidi kulipa deni la bibi kutoka mfuko wake mwenyewe.

Basi mjue hili na mliwaambie watoto wenu: nyumba ya wazee iliyo chini ya sheria hii hairuhusiwi kumlazimisha ndugu aahidi kulipa kwa pesa zake ili mzee apokelewe. Anayeshika pesa za mzee kisheria anaweza kutakiwa kulipa kutoka pesa hizo hizo za mzee, lakini si kutoka mshahara wake. Binti aliporudi na kuuliza juu ya mstari ule, aliambiwa anaweza kuuacha. Kumbe kuuliza tu kulitosha.

Pesa za mzee nazo ni zake. Nyumba haiwezi kuzishika bila ruhusa yake ya maandishi, na ikizishika lazima itoe hesabu. Mkaaji ambaye matunzo yake yanalipwa na Medicaid anaachiwa kiasi kidogo kila mwezi kwa mahitaji yake mwenyewe, kisichopungua dola 30. Si nyingi, lakini zinaweza kuingiza vocha ya simu. Na mzee hawezi kuambiwa "ondoka kesho". Kwa kawaida anapewa taarifa ya maandishi siku 30 kabla, yenye sababu, na yenye kuonyesha mahali pa kukata rufaa.

PA KUPELEKA MALALAMIKO

Katika kila jimbo la Marekani kuna ofisi ya mtetezi wa wakaaji wa nyumba za wazee. Kule wanamwita ombudsmani. Kazi hiyo ilianza kwa majaribio mwaka 1972, na mwaka 1978 sheria ikaamuru kila jimbo liwe nayo. Huduma yake ni bure. Anaingia ndani ya nyumba, anakaa na mzee faraghani, anamsikiliza. Hatoi jina la mzee wala siri yake bila mzee kukubali. Jina la ofisi hiyo na namba yake ya simu lazima vibandikwe ukutani mahali panapoonekana. Ndugu aliye kule apige picha karatasi hiyo, awatumie.

Wakaaji wenyewe pia wana haki ya kuunda komite yao, na familia pia zinaweza kuunda ya kwao. Nyumba inatakiwa kuwapa mahali pa kukutania na kuwajibu. Na hairuhusiwi kumlipizia kisasi mzee aliyelalamika. Tunajua wengi wetu tunaogopa: "Nikisema, watamtesa mama usiku." Woga huo ni wa kweli, hatuucheki. Lakini mzee anayejulikana kuwa na watu wanaouliza juu yake ni vigumu zaidi kumwonea kuliko mzee ambaye simu yake hailii.

MAMBO YA KUFANYA TUKIWA HAPA HAPA

Mtu atasema, "Niko kambini, sina hata pesa ya vocha, nitafanya nini?" Kuna mengi.

1. Ulizeni jina kamili la nyumba, mji, na namba ya simu. Andikeni kwenye daftari, si kwenye simu tu. Simu inaibiwa.

2. Tafuteni saa nzuri. Hapa Burundi ikiwa saa kumi alasiri, Ohio ni saa tatu asubuhi wakati wa baridi yao, au saa nne wakati wa joto. Mzee ameshaoga na kula. Chagueni siku moja ya juma na msiibadilishe. Mzee anayesahau tarehe anaweza bado kuzoea siku ya simu.

3. Msizungumze na mtoto tu. Ombeni mpewe mzee mwenyewe. Kama hawezi kusema, semeni ninyi. Mwimbieni wimbo wa kwaya, salini naye, mwambieni mvua imenyesha na maharage yameota. Anayeshindwa kujibu si lazima awe hasikii.

4. Andikeni ukurasa mmoja juu ya mzazi wenu: lugha yake, dini yake, chakula anachopenda na asichokula, kazi aliyofanya, majina ya watoto, mambo yanayomwogopesha, mambo yanayomtuliza. Aliye kule atafsiri na aombe uwekwe kwenye faili. Mhudumu akijua kwamba mwanamke huyu aliyelala alizalisha akina mama wa kijiji kizima, atamshika kwa mkono mwingine.

5. Ulizeni mkutano wa matunzo ni lini. Tayarisheni swali moja au mawili, yasiwe kumi.

6. Mwulizeni mzee, si kila mara "Umeamkaje?" tu. Mwulizeni, "Unataka nini ambacho hupati?" Halafu nyamazeni, msikilize mpaka amalize.

Wasiojua kuandika waje shuleni kwetu jioni baada ya masomo. Tutaandika pamoja, na siri ya familia itabaki siri ya familia.

NA WAZEE WALIO KATI YETU?

Hatuwezi kumaliza bila kujitazama. Hapa kambini hatuna nyumba ya wazee, na tunajisifu kwa hilo. Lakini ni mara ngapi mzee anapelekwa kwenye foleni ya HCR kubonyeza kidole bila kuelezwa anabonyeza kwa ajili ya nini? Ni mara ngapi tunajibu sisi wakati daktari amemwuliza yeye? Kuna bibi ambaye chakula chake kinachukuliwa na kadi yake inashikwa na wengine, naye hajui hata imeuzwa kiasi gani. Kuna babu asiyeulizwa kama anataka kurudi Congo au kubaki, watoto wameshamwamulia. Hakuna kamba, hakuna dawa ya kulaza, lakini mdomo umefungwa.

Wahenga walisema penye wazee haliharibiki jambo. Methali hiyo haisemi penye wazee waliolala kimya kwenye pembe ya nyumba. Inasema juu ya wazee wanaosikilizwa. Kama tunataka wageni wa mbali wamheshimu mama yetu na kumwuliza anachotaka, tuanze kumwuliza yule aliye hapa kwenye mkeka.

Jioni ya leo, kabla ya kulala, kaa karibu na mzee wenu. Mwulize mambo matatu tu: siku nikiumwa sana nisiweze kusema, nani aseme kwa ajili yangu? Kitu gani nisifanyiwe? Nani aitwe kwanza? Andikeni majibu yake kwa maneno yake mwenyewe, tarehe, na majina ya mashahidi wawili. Karatasi hiyo inaweza isiwe sheria mbele ya korti ya Marekani, lakini siku mtakapogawanyika, mmoja huku na mmoja kule, wote mtajua mzee alisema nini.

Maswali yenu mtuletee shuleni, au mpeni kiongozi wa mtaa wenu. Kuuliza si ujinga. Mungu awalinde wazazi wetu, wa hapa na wa mbali.